Utitiri wa Miti ya Matunda: Kwa Nini Idadi Yao Hupanda na Kushuka kwa Majira

Katikati ya majira ya joto, mtufaa uliokuwa na majani ya kijani wiki tatu zilizopita unaweza kuonekana umefifia, kana kwamba umenyunyiziwa vumbi la shaba. Ukigeuza jani lake na kulitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona viumbe wekundu au wa manjano, wasiofikia hata milimita moja kwa urefu, wakitambaa katikati ya mayai na maganda matupu waliyojivua. Mwenye shamba husema kwamba utitiri wameingia wiki hiyo. Kwa alichokiona yeye, kauli hiyo ni ya haki, lakini mara nyingi utitiri hao walikuwapo kwenye mti uleule tangu majira ya baridi, au kwenye magugu yaliyo chini yake, na kilichobadilika ni kasi ya kuzaliana kwao pamoja na nguvu ya vitu vinavyowazuia. Ndiyo maana hesabu ya utitiri kwenye jani, ikitolewa bila kutaja wakati wa mwaka ilipofanywa, humwambia mkulima mambo machache sana, na maamuzi mengi mabaya ya kupiga dawa huanzia hapo.

Kabla ya kufuata mwendo wa majira ni vyema kumjua kiumbe mwenyewe. Utitiri si mdudu kwa maana kamili ya kibiolojia. Ni ndugu wa buibui na kupe, na kwa kawaida akikomaa huwa na miguu minane. Anapoanguliwa huwa lava mwenye miguu sita, kisha hupitia hatua mbili za tunutu kabla ya kuwa mzima, na kati ya hatua moja na nyingine hutulia bila kula wala kutembea, akingoja kujivua ganda. Utitiri wa kundi liitwalo utitiri buibui, ambao ndio wanaowasumbua zaidi wakulima wa matunda, hutoboa seli za jani kwa sindano za mdomo na kunyonya vilivyomo, pamoja na chembe za kijani zinazofanya usanisinuru. Kila seli iliyonyonywa huacha doa jeupe, na madoa hayo yakiwa mengi jani huwa na rangi ya shaba na kushindwa kulisha tunda.

Jambo la pili la kulielewa mapema ni namna ya kuzaliana, kwa sababu bila hilo milipuko ya idadi yao huonekana kama miujiza. Jike wa utitiri buibui ambaye hajapandwa hutaga mayai yanayotoa madume pekee, na aliyepandwa hutoa madume na majike, huku majike wakiwa wengi zaidi. Maana yake ni kwamba jike mmoja aliyepeperushwa na upepo hadi kwenye mti mpya anaweza kuanzisha ukoo peke yake: hata akifika akiwa bikira, atazaa madume, na mmojawapo anaweza kumpanda mama yake. Jike wa utitiri mwenye madoa mawili, Tetranychus urticae, anaweza kutaga mayai 100 hivi katika maisha yake, na spishi hiyo hula mimea ya aina zaidi ya 1,000.

Kinachoamua kasi yote hiyo ni joto. Utitiri hawana joto la mwili la kwao wenyewe, kwa hiyo ukuaji wao hufuata joto la jani. Utitiri mwenye madoa mawili karibu husimama kukua joto linaposhuka kuelekea nyuzi 10 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 15 anaweza kuhitaji mwezi mzima au zaidi kutoka yai hadi utu uzima, na kwenye nyuzi 30 huhitaji wiki moja tu au kuipita kidogo. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi mtu aifanyie hesabu. Tuseme jani lina utitiri 10. Ikiwa idadi inaongezeka maradufu kila baada ya siku 10, baada ya mwezi jani hilo litakuwa na utitiri 80. Ikiwa inaongezeka maradufu kila baada ya siku tatu, jambo linalowezekana kwenye joto kali na jani zuri, hesabu ya mwezi uleule itavuka 10,000, yaani idadi ambayo jani moja haliwezi kuibeba kamwe. Mkulima aliyezoea mwendo wa miezi ya baridi hushtukizwa na wiki mbili za joto kwa sababu hii, ilhali hakuna kitu kipya kilichoingia shambani mwake.

Katika nchi zenye baridi kali, mwaka wa utitiri huanza wakati mti umelala. Kila spishi ina njia yake ya kuuvuka wakati huo, na tofauti ya njia hizo ndiyo huamua mkulima aangalie wapi na lini. Utitiri mwekundu wa Ulaya, Panonychus ulmi, ambaye ni adui mkubwa wa mitufaa na miti mingine ya matunda, huuvuka kama yai. Majike wa mwisho wa mwaka hushuka kutoka kwenye majani na kutaga mayai mekundu kwenye vitawi, hasa katika mikunjo ya gome iliyo karibu na vichipukizi vya matunda, na wakati mwingine katika kile kishimo kilicho kitakoni mwa tunda lenyewe. Mahali palipo na mayai mengi, gome huonekana jekundu hata bila kioo. Mayai hayo yamo katika usingizi wa msimu, ambao wanabiolojia huuita dayapozi: hata yakipata siku chache za joto katikati ya baridi hayaanguliwi, kwa kuwa ni lazima kwanza yapitie baridi ya muda mrefu ndipo usingizi ukatike.

Utitiri mwenye madoa mawili hufanya kinyume. Yeye huvuka baridi akiwa jike mzima aliyekwisha kupandwa, akijificha katika nyufa za gome, chini ya majani yaliyoanguka na katikati ya magugu. Rangi yake hubadilika kutoka manjano ya kijani kuwa ya machungwa iliyokolea, naye huacha kula na kutaga. Rangi hiyo hutokana na karotenoidi, yaani rangi za asili kama ile ya karoti, na utafiti wa jenomu yake (jumla ya jeni zake), iliyochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba utitiri huyu ana jeni za kutengeneza karotenoidi zilizotoka kwa kuvu zamani za kale. Wanyama karibu wote hupata karotenoidi kutoka kwenye chakula tu, kwa hiyo hili ni jambo la kustaajabisha kwa kiumbe ambaye mkulima humtazama kama nukta inayotambaa.

Kundi la tatu, utitiri wa kutu na jamaa zao, ni wadogo zaidi, takriban sehemu mbili za kumi za milimita au pungufu, wana umbo la karoti na miguu minne tu. Utitiri wa kutu wa mtufaa, Aculus schlechtendali, ana majike wa aina mbili: wale wa majira ya joto, wanaozaa mfululizo, na wale wa baridi, ambao hawatagi hata yai moja hadi baridi ipite. Majike wa baridi huanza kuyaacha majani na kuhamia kwenye vichipukizi na nyufa za gome mapema kuliko mtu anavyodhani, wakati bado kuna joto, na hukaa chini ya magamba ya kichipukizi wakingoja kifunguke.

Machipuko yanapofika, saa ya mti na saa ya utitiri hulingana kwa namna ya ajabu. Mayai ya utitiri mwekundu huanza kuanguliwa kabla kidogo ya maua ya mtufaa kufunguka, na sehemu kubwa huwa imekwisha kuanguliwa petali zinapoanguka, hivyo kwamba lava hukuta majani machanga, laini, yenye naitrojeni nyingi. Naitrojeni katika jani humwongezea jike uwezo wa kutaga, na hii ndiyo sababu miti iliyorundikiwa mbolea ya naitrojeni huwa na utitiri wengi zaidi. Kizazi hiki cha kwanza ni kizazi cha pekee kwa sababu wote wanakaribia umri mmoja. Katika vizazi vinavyofuata umri huchanganyika, na jani moja huwa na mayai, lava, tunutu na wazima kwa pamoja. Kwa jumla utitiri mwekundu anaweza kupata vizazi vitano hadi vinane kwa mwaka kutegemea joto la mahali, ila vile vya machipuko huenda polepole na vya katikati ya majira ya joto hufuatana kwa haraka.

Utitiri mwenye madoa mawili hana haraka ya kupanda mti. Majike walioamka huanzia kwenye magugu ya chini, ambako kunapata joto mapema, na huko huzaliana wiki nyingi bila mtu kuwaona. Magugu yanapokauka, au yanapofyekwa kwa wakati mmoja shamba zima, utitiri waliokuwa chini hupoteza chakula na kupanda juu kupitia shina, ama hujiachia hewani kwa uzi wa hariri na kuchukuliwa na upepo. Hapa pana jambo ambalo wakulima wengi huliona kama usafi wa shamba, nalo kwa kweli hupeleka jeshi zima mtini katika wiki moja ya joto. Kufyeka mapema, kabla utitiri hawajawa wengi, au kufyeka mistari kwa kupokezana ili pabaki na kijani mahali fulani, huupunguza uhamiaji huo.

Kisha huja joto na ukavu kwa pamoja, na ni muhimu kuvitenganisha kwa kuwa kila kimoja kina kazi yake. Joto, kama tulivyoona, hufupisha kizazi. Ukavu wa hewa huwasaidia utitiri buibui kwa njia tatu ambazo hazina uhusiano wa moja kwa moja na kasi ya kukua. Kwanza, utitiri hunyonya maji mengi kuliko anavyohitaji, na hewa kavu humsaidia kuyapoteza upesi na kuendelea kula. Pili, kuvu zinazowaua utitiri, kama zile za jenasi ya Neozygites, huhitaji unyevu mwingi ili zitoe mbegu zake na kuambukiza, hivyo hewa kavu huwaondolea utitiri ugonjwa. Tatu, mayai ya utitiri wawindaji, wale wanaokula utitiri wenzao, hukauka upesi katika hewa kavu kuliko mayai ya mawindo yao. Hivyo wiki kavu humwongezea mla majani nguvu na papo hapo humpunguza adui yake.

Vumbi nalo linahesabika. Miti iliyo kando ya njia za udongo huwa na utitiri wengi kuliko ile ya katikati ya shamba, kwa sababu vumbi huwazuia wawindaji kutafuta mawindo kwenye uso wa jani, ilhali utitiri buibui huishi chini ya tando zao. Nadhani hili ni mojawapo ya mambo rahisi zaidi kuyathibitisha kwa macho: mistari miwili ya kwanza kutoka barabarani ikiwa na rangi ya shaba na mingine ikiwa ya kijani, chanzo hakihitaji maabara.

Katika nchi za joto zisizo na baridi ya kuwalaza utitiri, mvua hushika nafasi ya baridi. Kwenye miembe, miparachichi, mipapai na michungwa utitiri buibui wanaweza kuwapo mwaka mzima katika hatua zote, idadi yao ikipanda kadiri kiangazi kinavyorefuka na kuporomoka mvua kubwa zinapoanza. Mvua huwaosha utitiri kutoka kwenye majani na kuwaua kwa kuwapiga, kisha unyevu unaofuata hufungua njia kwa kuvu. Hata hivyo, mvua hiyohiyo haiwagusi wote kwa kiwango kimoja. Spishi za jenasi ya Oligonychus zinazokaa upande wa juu wa jani, kama vile utitiri wa kahawia wa parachichi, hupigwa moja kwa moja. Jamaa yao Oligonychus perseae, anayekaa upande wa chini katika vijumba vya utando kando ya vena za jani, amejikinga vizuri zaidi. Kwa sababu hiyo mtu anayehesabu utitiri baada ya mvua anapaswa kwanza kujua ni spishi gani alikuwa nayo, la sivyo atasema mvua imemaliza kazi kumbe imeosha upande mmoja tu wa jani.

Michungwa na jamii yake ina mfano unaosahihisha imani kwamba utitiri wote hupenda ukavu. Utitiri mwekundu wa michungwa, Panonychus citri, hana usingizi wa msimu. Hufuata chipukizi jipya, na mara nyingi huwa na vilele viwili kwa mwaka, kimoja wakati wa machipuko na kingine joto kali linapopungua, kwa kuwa joto la kupindukia lenye hewa kavu humdhuru hata yeye. Utitiri wa kutu wa michungwa, Phyllocoptruta oleivora, hupenda joto lenye unyevu. Huko Florida idadi yake hupanda mwanzoni mwa majira ya joto, wakati wa mvua, na hushuka hasa kwa sababu ya kuvu iitwayo Hirsutella thompsonii, ambayo hustawi katika unyevu uleule. Jambo hili lina matokeo ya moja kwa moja: viuakuvu vyenye shaba, vinavyopigwa kwa nia njema dhidi ya magonjwa ya tunda, huiua pia kuvu hiyo rafiki, na wiki chache baadaye utitiri wa kutu huongezeka kupita kawaida na kuacha tunda likiwa na ngozi ya kahawia.

Utitiri wa vichipukizi vya mwembe, Aceria mangiferae, ana kalenda yake nyingine kabisa. Kwa kuwa huishi ndani ya kichipukizi kilichofungika, mvua na jua havimfikii kwa urahisi, na idadi yake hufuata zaidi utoaji wa vichipukizi vipya kuliko hali ya hewa ya siku.

Hadi hapa nimezungumzia hali ya hewa na chakula, lakini sura ya mwaka, yaani kile kilele kinachopanda na kisha kuanguka, haiwezi kuelezwa bila maadui wa asili. Utitiri wawindaji wa familia ya Phytoseiidae ndio muhimu zaidi. Wengi wao hukua haraka sawa na mawindo yao au zaidi, huvuka baridi wakiwa majike waliopandwa katika nyufa zilezile za gome, na huamka karibu wakati mmoja na mawindo. Tatizo ni kwamba mwindaji hawezi kuongezeka kabla ya kupata chakula, kwa hiyo kilele chake hufuata kilele cha mawindo kwa kuchelewa. Ucheleweshaji huo ukiwa mfupi, mti hauonyeshi dalili yoyote. Ukirefuka kwa wiki mbili za joto, majani hugeuka shaba hata kama wawindaji watashinda mwishoni.

Mfano bora wa jambo hili haukufanyika shambani. Mwaka 1958 mwanasayansi Carl Huffaker wa Chuo Kikuu cha California alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya kwa machungwa yaliyopangwa kwenye trei, mengine yakibadilishwa kwa mipira, akiwa na utitiri wanaokula machungwa na utitiri wanaowala hao. Mpangilio ulipokuwa rahisi, wawindaji waliwala mawindo wote kisha wakafa njaa. Alipotumia machungwa 252, akaweka vizuizi vya Vaseline vilivyowachelewesha wawindaji na vijiti ambavyo mawindo waliweza kujirushia kwa uzi wa hariri, makundi mawili hayo yaliishi pamoja kwa muda mrefu zaidi, yakipanda na kushuka mara tatu mfululizo kabla ya kwisha. Mti halisi una nyufa, matawi, upande wa juu na wa chini wa majani, na magugu chini yake. Ndiyo maana mawindo na wawindaji huweza kuendelea miaka na miaka bila upande mmoja kufutika.

Wawindaji wenyewe hawafanani. Phytoseiulus persimilis hula utitiri buibui pekee. Huwamaliza upesi na kisha hutoweka kwa njaa au kwa kuhama. Typhlodromus pyri, mwindaji wa kawaida katika mitufaa ya nchi za baridi ya wastani, anaweza kuishi kwa chavua, kuvu na utitiri wa kutu, kwa hiyo hubaki mtini hata utitiri buibui wanapokuwa wachache sana. Hapo ndipo utitiri wa kutu wa mtufaa hupata thamani isiyotarajiwa: wakiwa kwa kiasi mwanzoni mwa msimu hawaudhuru mti sana, lakini huwalisha wawindaji wakati utitiri wekundu bado ni wachache. Mkulima anayewafuta mapema kwa sababu tu amewaona huwa amemnyima mlinzi wake kifungua kinywa. Kuna pia mbawakawa wadogo weusi wa jenasi ya Stethorus, wenye uwezo wa kula mayai na wazima wengi kwa siku, ila hao huvutwa na makundi makubwa tu na hufika wakati dalili zimekwisha kuonekana.

Uzito wa maadui hawa ulidhihirika kwa njia ya uharibifu. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia utitiri buibui hawakuwa tatizo kubwa katika mashamba mengi ya matunda. DDT na viuatilifu vilivyoifuata vilipoanza kutumika kwa wingi baada ya mwaka 1945, milipuko ya utitiri ikawa ya kila mwaka, kwa sababu wawindaji waliuawa na utitiri wenyewe walinusurika. Tangu hapo utitiri mwenye madoa mawili amejenga usugu dhidi ya viambato zaidi ya 90 vya viuatilifu, idadi inayomweka mbele ya wadudu na utitiri wote wanaojulikana. Vizazi vingi kwa mwaka, pamoja na madume wenye nakala moja tu ya kila jeni, husaidia jeni za usugu zichujwe na kuenea upesi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Stanley Hoyt, akifanya kazi katika mitufaa ya jimbo la Washington nchini Marekani, alionyesha njia nyingine: wawindaji wa huko walikuwa wamekwisha kuvumilia baadhi ya viuatilifu vya fosforasi, kwa hiyo kwa kuchagua dawa na kupunguza kipimo iliwezekana kumdhibiti mdudu wa tunda bila kumwangusha mlinzi wa utitiri. Maoni yangu ni kwamba somo hilo halijafika mbali kama lilivyostahili, kwani dawa za jamii ya pareto za viwandani zinaendelea kupigwa katikati ya majira ya joto, wakati ambao kuwaua wawindaji huleta hasara kubwa kuliko wakati mwingine wowote.

Kilele huvunjika kwa sababu kadhaa zinazokutana. Wawindaji wamefikia idadi ya kutosha. Majani yaliyonyonywa hayana tena chakula kizuri. Utitiri wengi huhama kwa upepo. Na siku zinafupika. Hili la mwisho linahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo linalofunga mwaka na kuufungua unaofuata. Katika miaka ya 1950 A. D. Lees wa Uingereza alichunguza utitiri mwekundu wa miti ya matunda na kuonyesha kwamba jike huamua aina ya mayai yake kutokana na hali aliyokulia akiwa tunutu: siku fupi, joto dogo na chakula kibovu humfanya atage mayai ya baridi badala ya yale ya majira ya joto. Chakula kibovu kina nguvu ya kutosha kiasi kwamba kwenye mti ulioharibiwa vibaya mayai mekundu huanza kutagwa mapema, siku zikiwa bado ndefu. Mkulima akiona utitiri wamepungua ghafla juu ya majani ya rangi ya shaba, huenda akafurahi kwamba wamekufa, na huku wameshuka kwenye vitawi kuweka akiba ya mwaka ujao.

Kutokana na yote haya inaeleweka kwa nini kiwango cha kuchukua hatua hakiwezi kuwa kimoja mwaka mzima. Katika mwongozo unaotumika kwa mitufaa ya New York, hatua hufikiriwa wastani unapofika utitiri 2.5 kwa jani mwezi Juni, utitiri 5 mwezi Julai na utitiri 7.5 mwezi Agosti. Kusini mwa ikweta miezi hiyo hugeuzwa. Mwanzoni mwa majira ya joto mti unakuza tunda na wakati huohuo unaandaa vichipukizi vya maua ya mwaka ujao, kwa hiyo jani lililonyonywa wakati huo lina gharama mara mbili, ilhali karibu na mavuno kazi kubwa ya jani imekwisha kufanyika. Wataalamu pia hujumlisha mzigo wote kwa kipimo cha siku za utitiri: utitiri 10 kwa jani kwa siku tano ni siku 50 za utitiri. Mtufaa wenye mazao ya kawaida huweza kuvumilia takriban siku 500 kwa msimu kabla tunda halijaathirika. Kipimo hicho kina faida ya kumkumbusha mkulima kwamba utitiri wachache waliokaa muda mrefu wanaweza kuwa na madhara sawa na wengi waliopita upesi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua majani ya umri wa kati kutoka miti kadhaa, ikiwamo ya pembeni na ya kando ya njia, tazama pande zote mbili kwa kioo kinachokuza mara 10, na uandike pia idadi ya wawindaji. Wawindaji hutambulika kwa umbo la tone la maji, mng'ao wa mwili na mbio zao. Utitiri buibui huenda polepole na wana manyoya yanayoonekana. Rudia baada ya wiki moja. Hesabu mbili zenye tarehe, zikiwa na joto na mvua za wiki hiyo pembeni, zina maana kubwa kuliko hesabu moja hata ikiwa imefanywa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ndizo zinazoonyesha kama mti unapanda mlima au unashuka, na kama wawindaji wanawakaribia mawindo au wanaachwa nyuma. Utitiri 6 kwa jani na wawindaji wawili kwa jani hilohilo, katika wiki yenye mawingu, ni hali ya kusubiri; utitiri 6 bila mwindaji hata mmoja, wiki moja baada ya dawa kali na kabla ya joto lililotabiriwa, ni hali ya kutenda.

Kwa utitiri mwekundu wa Ulaya wakati bora wa kutenda huja mapema zaidi ya hapo. Wakati wa baridi kata vitawi vichache vyenye vichipukizi vya matunda na uchunguze mikunjo ya gome. Ukikuta mayai machache, acha. Ukiyakuta yamejazana, mafuta ya madini yanayopigwa kati ya kuchungulia kwa ncha za kijani na kufunguka kwa maua hufanya kazi nzuri kuliko yakipigwa mapema, kwa sababu yai linalokaribia kuanguliwa hupumua kwa nguvu na hivyo huzibwa pumzi kwa urahisi. Mafuta hayo hayabaki kuwa sumu mtini baada ya kukauka, na wawindaji wengi waliojificha ndani ya nyufa hunusurika. Lazima yaenee kila upande wa kitawi, siku isiyo na upepo wala dalili ya jalidi, kwani yai ambalo halikuguswa litaanguliwa siku chache baadaye, na lava wake atakuta jani la kwanza limekwisha kukunjuka.